Kitanda cha Mwalimu

Seremala alikuwa na wateja saba na mbao za kitanda kimoja. Kila asubuhi alifungua karakana, akafagia sakafu aliyoifagia jana, kisha akakaa nyuma ya mlango ili asionekane kutoka barabarani.

Kwa miaka kazi yake ilienda hivi. Mteja alilipa nusu ya bei. Pesa hiyo ikanunua mbao za mteja aliyemtangulia, na iliyobaki ikaingia jikoni. Mikono yake ilikuwa hodari, lakini hesabu alizifanya kwa kubahatisha. Mwezi huu hakuja mteja mpya hata mmoja.

Mwalimu wa shule ya jirani alikuwa amesubiri miezi minane. Alisimama mlangoni, hakugomba. Alisema tu kwamba mama yake mgonjwa bado analala chini. Seremala alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mkewe akamwita wifi yake, karani wa benki. Wifi alikaa kwenye kigoda kinachoyumba, maana nyumba ya seremala haikosi kigoda kibovu, akaomba daftari. Daftari halikuwepo. Wakaandika nyuma ya kalenda kila mteja na alichotoa. Jumla ilipopatikana, hakuna aliyeweza kuitamka.

"Kaka, pesa hizi hazijawahi kuwa zako," alisema dada mtu.

"Walinipa wenyewe."

"Walikupa uwatengenezee vitanda. Mpaka kitanda kitoke mlangoni, hilo ni deni. Kikitoka, ukalipwa yote, ondoa mbao, misumari na kodi. Kinachobaki ndiyo faida. Hiyo ndiyo ya jikoni."

Seremala aliuliza habari za mkopo. Dada alimjibu kwamba benki itataka kuona pesa zikiingia na kutoka kwenye akaunti yake, na akaunti hana. Hata angeupata, ungekuwa deni la nane.

Msumeno wa umeme uliuzwa Jumamosi. Alikuwa ameununua kwa jasho la miaka sita. Mkewe alipofagia pale uliposimama, seremala aligeukia ukutani akalia.

Wateja wanne walirudishiwa pesa zao. Watatu walikubali kungoja, mwalimu akiwa wa kwanza. Dada akamsaidia kufungua akaunti mbili: moja ya malipo ya wateja, ambayo inanunua mbao zao tu, na nyingine ya faida. Ya faida ilikuwa tupu. Alikata mbao kwa mkono mpaka viganja vikachubuka, na kuna siku nyumbani walikunywa chai ya rangi wakalala.

Kitanda cha mwalimu kilikamilika baada ya wiki tatu. Mwalimu alikuja na nusu iliyobaki.

"Mama tulimzika Jumanne," alisema.

Seremala aliurudisha mkono wake nyuma. Alisema hawezi kuichukua pesa ile.

"Chukua, fundi. Kitanda watalalia watoto. Hii umeifanyia kazi, ni yako."

Jioni hiyo aliandika mstari wa kwanza kwenye daftari jipya. Akatoa mbao, akatoa misumari, akatoa kodi. Kilichobaki kilikuwa chake kweli, na hakuwa na hamu nacho.