Dawa Moja, Udongo wa Aina Mbili

Kila asubuhi Koleta aliamka kabla ya mama yake, akafagia uwanja, akateka maji kisimani, akabandika uji. Kisha alivaa sare na kuungana na wenzake kwenda shule, pale Mbekenyera. Alikuwa darasa la sita. Wenzake walipocheka naye alicheka, lakini baadaye hakukumbuka kilichowachekesha. Tangu baba yake azikwe kwao Kiegei, alifanya kazi zote bila kukosea na hakusikia chochote moyoni. Hata machozi hayakuja. Mama yake, Dorotea, naye alikuwa vivyo hivyo. Walikula, wakasali, wakalala.

Shamba lao la mahindi lilikuwa mteremkoni. Juu palikuwa na kichanga. Chini, karibu na kijito, palikuwa na udongo mweusi unaonata kwenye jembe. Zamani baba na mama walipalilia pamoja. Msimu huu mikono haikutosha, ndipo jirani yao Bilali, rafiki wa marehemu, akajitolea kupulizia dawa ya kuzuia magugu mara baada ya kupanda. Koleta alimchotea maji. Alimwona akipima dawa kwa kifuniko cha chupa, kipimo kilekile kwa kila bomba la kupulizia, juu na chini. Kesho yake ikanyesha mvua kubwa.

Mahindi yalipoanza kuota, Dorotea na Koleta walikwenda kuyaangalia. Kule juu yalikuwa yamechomoza machache, majani yamejisokota kama kamba. Kule chini yalikuwa yameota vizuri, lakini nyasi nazo zilikuwa zimeota, tena zimeyapita kimo.

"Huku ameunguza, kule ametia maji matupu," alisema Dorotea. Hakupandisha sauti. "Dawa nyingine ameipeleka shambani kwake."

Jioni Bilali alipopita kuwasalimu, Dorotea alimwambia hayohayo.

"Shemeji, mimi nimwibie mjane wa rafiki yangu?" aliuliza Bilali.

"Shamba ndilo linalosema."

Bilali alimgeukia Koleta, aliyekuwa akimenya karanga mlangoni. Koleta alijua la kusema. Maneno yalikuwepo, ila hakuona sababu ya kuyatoa. Aliendelea kumenya. Bilali akaaga na kuondoka, na tangu siku hiyo alizunguka njia ya mbali asipite mbele ya nyumba yao.

Habari zilifika kisimani, na kutoka kisimani zikafika shuleni. Sikudhani, binti yake Bilali, alikuwa akikaa dawati moja na Koleta.

"Wewe ulikuwepo siku ile," alisema Sikudhani. "Baba aliiba dawa?"

"Hapana."

"Mbona hukumwambia mama yako?"

"Sijui," alijibu Koleta, na kweli hakujua.

Sikudhani hakugomba. Alikusanya madaftari yake akaenda kukaa dawati la nyuma kabisa. Koleta alibaki peke yake hadi kengele ilipolia. Alitaka kugeuka amtazame, akaona aibu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kusikia kitu chochote ndani yake, na kiliuma.

Alipofika nyumbani hakuvua hata sare. "Mama, mjomba Bilali hakuiba. Nilimwona akipima. Kila bomba lilipata sawa."

Dorotea alikuwa akisonga ugali. Aliacha mwiko. "Na siku zote hizi umenyamaza?"

"Nyumba nzima tumenyamaza, mama."

Dorotea aliushika tena mwiko. Asubuhi yake alikwenda kwa bibi shamba wa kata, Winfrida, akamwomba aje kuona shamba.

Winfrida alifukua mbegu chache kule juu, akasugua kichanga viganjani, kisha akafinyanga tonge la udongo mweusi wa chini. Akaomba makopo mawili, akayatoboa matako. Moja alilijaza kichanga, jingine udongo mweusi, halafu akamimina juu yake maji yaliyotiwa bluu ya kufulia. Kwenye kichanga maji yalitoka upesi, bado ya bluu. Kwenye udongo mweusi yalidondoka polepole, karibu meupe.

"Dawa nayo hufanya hivyo," alisema. "Kichanga hakiwezi kuishika. Mvua ile iliizamisha mpaka kwenye mbegu, ikaumiza mahindi. Udongo mweusi umeing'ang'ania, ikabaki kidogo tu ya kuzuia magugu. Kichanga kilitaka dawa kidogo, huu ulitaka zaidi. Kipimo kimoja hakikufaa pote."

"Kwa hiyo hakuiba," alisema Dorotea.

"Amepima sawa kupita kiasi."

Siku hiyohiyo Dorotea alikwenda kwa Bilali pamoja na Koleta. Alimwomba radhi mbele ya mkewe na watoto wake. Koleta naye alisema, "Shikamoo, mjomba. Nisamehe. Niliona, nikanyamaza."

"Marahaba. Na mimi nina kosa langu," alisema Bilali. "Nilipima kwa mazoea, sikuuliza."

Kwa ushauri wa Winfrida, walipanda punje chache kwenye kopo la kichanga cha kule juu, waone kama dawa imekwisha nguvu. Zilipoota zimenyooka, walipanda tena mahindi yanayokomaa mapema. Kule chini familia zote mbili zilipalilia kwa jembe, Koleta na Sikudhani wakishika mistari inayopakana. Mwanzoni hawakusemeshana. Baadaye Sikudhani alimwonyesha nyasi alizoruka, Koleta akarudi kuzing'oa.

Walipopumzika, Dorotea aliwaambia wote wawili, "Msiba ulinifanya nisione wala nisiulize. Nilipoona shamba limeharibika, nikamwangalia mtu, sikuangalia udongo. Wanangu, kabla hujamlaumu mtu, chunguza. Na ukiona ukweli, useme, hata kama moyo umekufa ganzi. Anayeonewa hawezi kungoja mpaka upone."

Akanywa maji, akampa Koleta kata naye anywe, na wote wakarudi kwenye mistari yao.