Kitabu Chenye Harufu ya Omena

Kru. Kru. Kru.

Akeyo alifungua macho gizani. Sauti ilitoka nyuma ya mabati, upande wa chumba cha kazi. Ikanyamaza. Ikaanza tena. Kru, kru.

Mitchelle, binti yake wa miaka saba, alijigeuza kitandani.

"Mama, ni nini hiyo?"

"Hakuna kitu. Lala."

Mitchelle akalala. Akeyo hakulala. Alijua ni panya. Tena alijua kwamba asubuhi hiyo, saa nne, mkaguzi anakuja.

Wanaishi Kisumu Ndogo, Kibera. Kati ya chumba chao na chumba cha kazi kuna mabati tu. Kule upande wa pili wanawake wanne hutengeneza unga wa uji wa watoto: wimbi, mtama, soya na omena kidogo, wale dagaa wa ziwani. Mwenye kazi ni Malika, lakini wote humwita Mama Nabil. Ndululu huendesha mashine ya kusaga. Mama Billy hutia unga kwenye pakiti na kuziziba. Akeyo hupima uzito. Yeye ndiye mwandishi pia, kwa sababu alisoma ngumbaru, shule ya watu wazima, jioni, miaka mitatu, mtoto akiwa mgongoni.

Nusu ya unga wao ilikuwa ikinunuliwa na duka moja kubwa la Ngong Road. Mwanzoni mwa mwaka duka liliwaambia: leteni cheti cha usimamizi wa ubora, ama tutaacha kuchukua.

Cheti hicho hakisemi tu kwamba unga ni mzuri. Kinasema kwamba watu wanaoutengeneza wana utaratibu. Wanaufuata kila siku. Wakikosea, wanajua walikosea wapi, na wanarekebisha.

Bila lile duka, Mama Nabil angefunga. Mwenye nyumba tayari alikuwa na mtu anayetaka kufungua baa hapo. Na chumba cha Akeyo kilienda pamoja na kazi. Kazi ikiisha, chumba kimeisha.

Saa nne mkaguzi akafika. Jina lake Audrey. Alivaa koti jeupe na kofia ya kufunika nywele. Aliangalia mashine, akaangalia mabeseni, akaangalia kucha za kila mtu.

"Sawa," alisema. "Nipeni kitabu cha kazi ya kila siku."

Akeyo alimpa kwa mikono miwili. Kitabu kilikuwa kipya. Mistari ilipigwa kwa rula. Hakuna doa.

Audrey alifungua polepole.

"Nani ameandika?"

"Ni mimi, madam."

"Una mwandiko mzuri."

Akeyo alitabasamu. Mama Nabil naye akatabasamu.

"Umeandika lini?"

"Kila siku, madam."

"Miezi mitatu, kalamu moja? Wino haukuisha?" Audrey hakuuliza kwa hasira. "Mizani haikukosea hata siku moja? Hamkupata panya, Kibera hii?"

"Panya wetu walihama, madam," Ndululu alisema. "Walisikia Runda kwa matajiri kuna chakula poa."

Hakuna aliyecheka. Audrey alikuwa ameinama kwenye gunia la soya. Pembe moja ilikuwa imetafunwa, na soya zimemwagika sakafuni.

"Na huyu aliyekula hapa ametoka Runda?"

Akeyo aliangalia zile soya. Akasema ukweli. Kitabu cha kwanza kilikuwa na madoa. Kilikuwa na unga, mafuta ya mashine, na maneno yaliyokatwa. Kule ngumbaru, mwalimu alikuwa anakurudishia kitabu chenye doa uandike upya. Basi alikaa jioni tatu akinakili. Siku mbaya alizipita. Siku ya panya aliipita. Siku ambayo mizani ilipunguza, aliandika kwamba iko sawa.

"Na cha kwanza kiko wapi?"

"Nimewashia jiko."

Audrey alifunga kitabu. Alikirudisha kwa mikono miwili, kama mtu anayeleta habari ya msiba.

"Mama Nabil, siwezi kuwapitisha. Hiki si kitabu cha kazi. Ni insha. Nitarudi baada ya miezi mitatu."

Alipotoka, Mama Nabil aliketi juu ya beseni lililopinduliwa.

"Wallahi, Akeyo, umetuua," alisema. "Na ulitaka kutusaidia."

Hilo la mwisho ndilo lililomuuma Akeyo zaidi.

Wiki iliyofuata duka la Ngong Road halikuagiza. Wiki ya pili pia. Mashine ilisaga asubuhi tu, mchana ikazimwa. Mama Billy alianza kwenda Kilimani kufulia watu nguo. Siku moja hakurudi kazini, na hakuna aliyemlaumu. Mwenye nyumba alipita, akapima mlango kwa utepe bila kusalimia.

Akeyo alitafuta kando ya jiko. Kurasa kumi na moja za kitabu cha kwanza zilikuwa hazijachomwa. Panya alikuwa amezitafuna pembeni, kwa sababu zilinuka omena. Alizikunja, akaziweka chini ya mto. Hakujua ni za nini. Usiku mwingine alizigusa tu, akalia bila sauti asimwamshe mtoto.

Mama Nabil ndiye aliyemkumbuka Wakoli. Wakoli hutengeneza sabuni ya maji kule Kawangware, na alipata cheti mwaka uliopita. Wao huosha mabeseni kwa sabuni yake.

"Twende," Mama Nabil alisema. "Akitucheka, atucheke."

Chumba cha Wakoli kilikuwa kidogo kuliko chao. Ukutani kulining'inia kitabu kwa kamba. Kalamu ilifungwa kwa uzi. Jalada lilikuwa limelowa na kukauka mara nyingi mpaka likajikunja.

"Karibuni, akina mama wa uji," Wakoli alisema. "Naskia mlipeleka insha."

"Hata wewe umesikia?" Mama Nabil aliuliza.

"Kawangware yote imesikia. Fungua hicho hapo ukutani."

Akeyo alifungua. Kulikuwa na alama za vidole. Kulikuwa na namba zilizokatwa. Mahali pamoja paliandikwa: *Ndoo imemwagika. Tulisahau kuweka rangi. Tumerudia.*

"Mbaya, ama?" Wakoli alisema. "Lakini hicho kibaya ndicho kilinipa cheti."

"Sielewi," Akeyo alisema. "Si hapa umekubali umekosea?"

"Mama Mitchelle, mkaguzi hatafuti mtu ambaye hakosei. Huyo hayuko. Anatafuta mtu anayejiona akikosea. Sasa niskize. Anayepima ndiye anaandika. Anaandika hapo hapo, mkono ukiwa na unga. Si jioni. Si Ijumaa. Ukikosea namba, usifute. Piga mstari mmoja ili ya kwanza ionekane. Andika ya kweli kando yake, uweke sahihi. Halafu usinakili. Kamwe."

"Na siku mbaya?"

"Siku mbaya unaandika mambo matatu. Nini kimetokea. Kwa nini. Mmefanya nini kisirudi tena."

"Na mizani?"

"Kila asubuhi weka jiwe la kilo moja, lile la chuma lililopimwa. Mizani ikisema kilo moja, anza kazi. Ikisema kingine, simama. Halafu kila siku mnayosaga, ipeni namba. Pakiti zote za siku hiyo zipigwe muhuri wa namba hiyo."

Akeyo alitoa zile kurasa kumi na moja. "Hizi zimebaki."

Wakoli alizinusa, akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Zibandike mbele kabisa. Chini yake uandike ulichofanya."

"Kwamba nilichoma?"

"Kwamba ulichoma."

Akeyo alikaa na kitabu kipya siku nzima kabla ya kuandika mstari huo. Mwishowe aliandika: *Nilinakili kitabu ili kiwe kisafi. Niliacha siku mbaya. Nilichoma cha kwanza. Nimekosea. Sasa tunaandika hapo hapo.* Akaweka sahihi. Kilikuwa kitu kigumu kuliko mtihani wowote wa ngumbaru.

Walitundika kitabu karibu na mizani. Walipanga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Waliziba shimo la panya kwa saruji, na panya alipotoboa lingine, waliandika, wakaziba tena.

Halafu mvua kubwa ikaja.

Siku ya nane ya mvua, mwanamke mmoja kutoka Silanga alisimama mlangoni, pakiti mkononi, mtoto mgongoni. Alikuwa na matope mpaka magotini.

"Nani ameuza hii? Uji ni mchungu. Mtoto wangu ametapika usiku kucha!"

Mama Nabil alimkalisha. Akamwomba msamaha mara mbili. Alimpeleka yeye na mtoto zahanati, na alishinda nao huko.

Ndululu alimvuta Akeyo pembeni.

"Usiandike hiyo. Aki, nakuomba. Mkaguzi anakuja wiki ijayo. Akisoma mtoto ametapika, tumekwisha. Hiyo pakiti tuitupe tu."

Akeyo alishika kalamu. Alifikiria baa. Alifikiria Mitchelle, na godoro lao likiwa njiani kwenye matope. Mtu mwingine angesema ni pakiti moja tu.

"Ndululu," alisema, "nisipoandika, hizo zingine nitazitafuta aje?"

Akaandika. Kisha akasoma namba kwenye pakiti: 41. Alirudisha kurasa nyuma. Siku ya 41 ilikuwa na doa la maji na mwandiko wa Ndululu mwenyewe: *Mtama umeanikwa siku moja, si mbili. Mvua. Punje ukiuma hazilii.*

Punje kavu ukiiuma hulia *ka*. Zile hazikulia, na zilisagwa hivyo hivyo kwa haraka. Unga ukashika ukungu ndani ya pakiti.

Pakiti za 41 zilikuwa thelathini na nane. Kitabu kilisema zilikokwenda: maduka mawili ya Silanga na kibanda kimoja cha soko la Toi. Hawakuhitaji kukusanya unga wa mwezi mzima. Walitembea kwenye mvua, Akeyo na Ndululu, wakiuliza namba 41. Walipata thelathini na tano. Mbili zilikuwa zimeliwa bila shida, na ya tatu ni ya yule mama.

Jirani aliwaona wakizimwaga shimoni.

"Si mnipe nilishe kuku!"

"Hapana, dada," Akeyo alisema. "Unga wenye ukungu unaweza kuwa na sumu. Kuku akila, sumu inaweza kukurudia kwenye yai."

Mtoto wa Silanga alipona siku ya pili. Akeyo aliandika hilo pia. Chini yake aliandika sheria mpya: kabla ya kusaga, watu wawili waiume punje. Isipolia, mashine isiwashwe, hata Mama Nabil akiwa na haraka. Mama Nabil aliisoma mara mbili. Akaweka sahihi.

Audrey alirudi. Alisoma ukurasa wa kwanza, ule wa kuchoma, akamwangalia Akeyo. Akafunua ukurasa. Alisoma mpaka siku ya 41. Hapo alirudi juu, akasoma upya. Ndululu alianza kuomba kwa Kikamba chini chini.

"Mngenificha hii," Audrey alisema, "ningeijuaje?"

"Hungejua, madam," Akeyo alijibu. "Lakini hata sisi hatungejua tutafute pakiti zipi."

Audrey alichukua pakiti moja rafuni. "Namba 49. Nionyesheni mtama wake ulitoka gunia gani."

Akeyo alifungua kitabu. Alionyesha kwa kidole kilichojaa unga. Kidole kiliacha alama kwenye karatasi, na safari hii hakuifuta.

Cheti kilifika baada ya wiki tano. Duka la Ngong Road lilirudi, lakini liliagiza nusu ya zamani. Mama Billy hakurudi. Mwenye nyumba alipita, akaona cheti ukutani, akasalimia. Mama Nabil hakufanya karamu. Alisimama mbele ya cheti, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema, "Haya. Mizani imepimwa leo?"

Ilikuwa imepimwa.

Kesho yake, kabla ya mapambazuko, sauti ilisikika tena nyuma ya mabati.

Kru. Kru.

Akeyo alikuwa macho. Alikuwa amechoka. Alivuta blanketi mpaka kidevuni na kufumba macho, kama mtu ambaye hajasikia.

Mitchelle akaketi kitandani.

"Mama, andika kuna panya."