Alama za Mama Mwenyewe

Kila alasiri Chiriku alipotoka shule aliosha vyombo, akafagia, kisha akachemsha chai ya kumngojea mama. Jina hilo alibandikwa na majirani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mama yake alikuwa mfua mashuka hospitalini. Alirudi vidole vimejikunja kwa maji na sabuni, akanywa chai harakaharaka, akabeba daftari na penseli kwenda kusoma Kiingereza katika darasa la watu wazima.

Hakwenda kujifurahisha. Mwisho wa mwezi hospitali ingempa mtihani, na akifaulu angeondoka kwenye mabeseni akakae mapokezi, aandike majina ya wagonjwa. Miaka tisa ya kuinama ilikuwa imemwumiza mgongo.

Kilichomtoa jasho ni kuunganisha sentensi. Aliandika kwa Kiingereza kwamba mvua ilinyesha, akaweka nukta. Akaandika kwamba nguo hazikukauka, nukta tena. Akiambiwa atumie mkato na kiunganishi, aliweka "lakini" panapotaka "kwa hiyo", akafuta mpaka karatasi ikatoboka.

"Mama, mbona rahisi tu?" Chiriku alimwambia.

"Rahisi kwako, mwanangu. Kichwa changu kimejaa mashuka."

Siku moja mama alipokuwa anaoga, Chiriku alilifungua daftari. Sentensi kumi, makosa saba. Roho ilimwuma. Alichukua kifutio, akafuta yote saba, akaandika majibu sahihi kwa kuiga mwandiko wa mama, ule uliolala upande. Kisha akaendelea kusuuza vikombe kana kwamba hajui lolote.

Jioni mama aliingia anacheka peke yake. "Kumi kwa kumi, mwanangu. Sikumbuki hata nilivyoyaandika, kumbe nayajua. Kesho mwalimu anataka nisimame ubaoni niwaeleweshe wenzangu."

Chiriku aliweka kikombe chini. Akinyamaza, mama ataumbuka mbele za watu. Akisema, kicheko kile kitazimika. Lakini la kuvunda halina ubani.

"Mama, saba kati ya hizo si zako. Nilifuta mimi, nikaandika mimi."

Mama alifungua daftari, akapitisha kidole taratibu juu ya alama za maneno yake yaliyofutwa. "Kwa nini?"

"Nilikuonea huruma. Mgongo wako unauma kila siku."

Machozi yalimlenga mama. Alimvuta mtoto wake, akamkumbatia, ila hakumsifu. "Ahsante kwa huruma yako. Lakini chumba cha mtihani nitaingia peke yangu, na wewe na kifutio chako hamtakuwepo."

Kesho yake mama alimweleza mwalimu ukweli. Mwalimu alicheka, akamwambia asimame ubaoni vilevile, awaoneshe wenzake yale makosa saba. Nusu ya darasa walikuwa wamekosa yaleyale.

Tangu siku hiyo Chiriku alikatazwa kugusa penseli. Kazi yake ikawa kuuliza tu. "Mvua ilinyesha, ikawaje? Ulitegemea hivyo, au hukutegemea?" Mama alijibu kwanza kwa mdomo, halafu akaandika. Alipochelewa, Chiriku alijiuma ulimi asimtajie jibu, na kwa mtoto yule, hiyo ilikuwa kazi nzito kuliko kufua mashuka.

Mwisho wa mwezi mama alifanya mtihani, na majibu yalitoka baada ya wiki mbili. Mama aliweka karatasi mezani. Alama kumi na nne kwa ishirini, na waliofaulu ni wenye alama kumi na mbili kwenda juu. Jumatatu angeanza kazi mapokezi.

"Sita nimekosa mwenyewe," alisema, akizigusa moja moja bila aibu. "Na kumi na nne nimepata mwenyewe. Alama kama zile saba zako zingenipeleka mapokezi nikashindwa kumwandika mgonjwa wa kwanza. Ukimpenda mtu, mwanangu, usimfanyie somo lake. Kaa naye mpaka alijue, kama ulivyokaa na mimi."

Chiriku aliinuka, akachukua birika. Akammiminia mama chai, na siku hiyo mama aliinywa polepole.