Mzigo Namba 4117

Mambo yaliharibika Jumanne tarehe 12 Machi 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, katika depo ya mizigo ya Bwana Bruno, Kamembe. Maman Feza, mfanyabiashara wa Bukavu, alikuja kuchukua balo lake la vitenge.

"4117," alisema.

Nzabonimana, mlinzi wa stoo, akatazama mashine. "Maman, 4117 ilitoka jana saa tisa."

"Ilitoka na miguu yake?"

Lilikuwa balo la tatu mwezi ule, yote ya Feza. Bruno hakuuliza kitu. Wakubwa hawaulizi, wananyoosha kidole, na kidole chao kinaelekea chini siku zote.

"Ufunguo iko na wewe peke yako, Mzee. Saa nane polisi banakuja."

Nzabonimana, miaka kumi na moja kazini, akavua ufunguo shingoni akauweka mezani.

Saa tano kasoro robo akafika Vénantie wa Gihundwe, fundi aliyetengeneza programu ya depo. Mwili mdogo, sauti ndogo, lakini swali lake halipotei njia.

"Mzee, jana nani alichukua?"

"Motari Mirindi. Alitaja namba, akaubeba kwa pikipiki."

"Karatasi?"

"Karatasi, na mvua hii? Bantu ba hapa banabeba namba kwa kichwa, banatuma motari."

Mirindi akaitwa. Bruno akapiga meza: "Mwizi mwenzake njo huyu!"

"Patron, mimi natumwa tu! Muntu anapiga simu, kila mara na laini mpya, anataja namba, naacha mzigo kituo cha pikipiki Gihundwe. Sura yake sijui."

Vénantie akafungua orodha. Zilizopotea zilikuwa 4031, 4068 na 4117. Akasoma zilizozifuata: 4032, 4069, 4118. Jina lilikuwa moja. Hakulitaja.

Akatoka uani. Wafanyabiashara wanapanga mstari deponi kama walivyovuka mpaka. Nafasi ya mtu haiguswi, na namba za mizigo zinafuata mstari huo. Akaomba nafasi moja mbele ya mtu aliyemtaka, akaandikisha kwa sauti, kwa jina la Feza, katoni kubwa iliyofungwa vizuri. Ndani matofali. Namba 4230. Hakumwambia mtu yaliyomo.

Saa saba na robo simu ya Mirindi ikalia. Akasikiliza, akakata, macho yakamtoka.

"Ni yeye! Anasema nichukue 4230."

"Mpigie wewe sasa," Vénantie alisema. "Taratibu."

Uani, simu ikalia katika koti la Osée, muuza vitenge, yule anayesimama nyuma ya Feza kila asubuhi.

"Osée!" Feza alipiga kelele. "Na mimi nakuchungiaga nafasi yako!"

"Uliniondolea baclients bote," Osée alisema, bila kumtazama. "Miaka sita, wewe mbele, mimi nyuma. Namba yangu, naondoa moja, ni yako. Mutoto wa primaire anaweza."

Bruno akafuta jasho. Vénantie akamgeukia.

"Namba za kufuatana zinapanga mizigo vizuri, lakini ukijua yako umejua ya jirani. Januari nilikuletea aina mbili za namba. Moja ya bahati nasibu tupu: haikisiwi, ila haina mpangilio. Nyingine inaanza na saa mzigo ulipoingia, inamaliza na bahati nasibu: inapangika, na haikisiwi. Nikakuambia chagua hiyo, iandikwe kwenye kadi ya plastiki, mashine isome."

"Ilikuwa ndefu kama litania! Nani ataishika kwa kichwa?"

"Hakuna, Patron. Ndiyo sababu niliipenda. Kisichokaa kichwani hakiwezi kutajwa kwa motari."

Hata Osée aliinamisha kichwa kwa heshima. Binti wa miaka ishirini na sita, kwa saa mbili na nusu, na orodha moja tu.

Polisi walifika saa nane kamili, wakamchukua Osée. Bruno akasukuma ufunguo mezani kuelekea kwa Nzabonimana. Mzee hakuugusa.

"Patron, huyu mutoto alikuambia Januari. Sasa leo asubuhi, mbele ya bantu bote, kwa nini uliniitia polisi mimi?"

Bruno akachukua simu yake, akaanza kuitazama. Haikuwa imelia.