Chumba cha Mama Opal

Kila Jumamosi Darrel hupanda mashine yake na kukata nyasi, kuanzia mlangoni hadi kwenye lami. Huku kwetu Iowa sote tunafanya hivyo. Ukiacha nyasi za mbele zikue, utasemwa hadi kanisani.

Jumamosi hiyo aliiacha mashine. Alikuwa akipigilia vigingi na kufunga kamba mbele ya nyumba. Mama mkwe wake, Opal, alikuwa amevunjika nyonga, na hakuweza tena kupanda ngazi. Alikuwa akilala kwenye kochi sebuleni. Binti mkubwa wa Opal, dada wa mke wa Darrel, alitaka kumpeleka kwenye makao ya wazee, mbali sana, kabla ya theluji kuanguka. Opal hakutaka hata kusikia. Basi Darrel aliamua kumjengea chumba cha chini.

Jirani yao Jolene, anayefanya kazi katika ofisi ya mipango ya kaunti, alivuka barabara kuja kuwasalimu.

"Unamwaga zege la msingi lini?"

"Jumatatu. Usinitazame hivyo, Jolene! Nimepima. Kaunti inataka futi thelathini ziachwe wazi mbele ya nyumba, na mimi nimeziacha."

"Umeanza kupimia wapi?"

"Kwenye lami. Nianzie wapi tena, mawinguni?"

"Unaanzia kwenye mpaka wa kiwanja chako. Lami si mpaka. Kuna hifadhi ya barabara, inavuka mtaro na kufika karibu na ule mti. Hiyo ni ya kaunti."

"Ya kaunti? Nyasi ninazokata mwenyewe miaka yote hii?"

"Na kaunti inakushukuru sana, bwana."

Nadine, mke wa Darrel, aliyekuwa akimshikia kamba, aliangua kicheko. Darrel alinuna. Walichimba kidogo karibu na mti, wakakipata chuma cha mpaka, kimejaa kutu. Walipopima kuanzia hapo, nusu ya chumba ilikuwa imeingia mahali pasiporuhusiwa kujengwa.

"Ukijenga hapa, utaambiwa ubomoe," Jolene alisema. "Kibali umechukua?"

Darrel alitazama chini. "Nilidhani chumba kimoja tu hakihitaji."

"Kinahitaji. Kwanza kibali, ndipo zege."

"Sasa Mama tumpeleke wapi?" Nadine aliuliza. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

Opal alikuwa amesimama mlangoni, ameshikilia kigari chake cha kutembelea.

"Kwani nyuma ya nyumba kuna nini?" aliuliza.

"Mama, nilitaka uwe unaona watu wakipita," Darrel alisema.

"Watu gani, mwanangu? Hapa yanapita malori ya mahindi tu."

Jolene aliwaeleza kwamba nyuma na ubavuni pia kuna nafasi ya kuachwa, ila kila upande una kipimo chake. Jumatatu, badala ya kupokea zege, Darrel alipeleka mchoro ofisini. Kibali kilipotoka, alijenga nyuma. Opal alihamia kabla ya theluji, na habari ya makao ya wazee ikaisha.

Asubuhi moja ya Januari, barabara ikiwa barafu tupu, lori liliteleza. Lilivuka mtaro na kusimama mbele ya nyumba. Dereva alishuka bila kuumia. Nadine alimwingiza ndani akampa kahawa.

Opal alijikokota hadi dirishani, akalitazama lori lile.

"Darrel, kitanda changu ulikuwa umekipangia wapi?"

Darrel alinyoosha kidole kwenye magurudumu ya mbele.