Siagi, Kijiko Kimoja

Foleni ya duka la dawa ilikuwa imefika mlangoni, na aliyekuwa mbele hakuonyesha dalili ya haraka. Alikuwa fundi wa lifti: ovaroli ya buluu, grisi kwenye kucha, na mkononi pakiti ya vidonge vya rangi mbili alivyokuwa akivichungulia kwenye mwanga.

"Dada, hili ganda la nje limetengenezwa na kitu gani?"

Mfamasia, katika koti jeupe lililonyooshwa hadi kola, hakuinua macho. "Jelatini."

"Na jelatini ni nini?"

"Mifupa na ngozi za ng'ombe, kaka. Zimechemshwa."

"Basi siwezi kumeza."

"Wewe unaumwa au umekuja mnadani?" aliuliza mama mmoja nyuma yake, na foleni nzima ikacheka. Fundi naye akacheka, na hilo ndilo lililomfanya mfamasia amtazame. Akamtafutia vidonge visivyo na ganda.

Kesho yake fundi alirudi kushukuru. Keshokutwa alirudi bila sababu. Miezi mitano baadaye alikuwa akimwita Dozi, naye akimwita Mla Majani, na simu zao za mchana zilikatika tu mteja alipogonga kioo.

"Umekula nini leo, Mla Majani?"

"Sauti yako, Dozi. Kutwa mara tatu, baada ya chakula."

Fundi alikuwa hali nyama, samaki, yai wala maziwa. Mwaka wa sita huo. Mfamasia alisubiri kusikia ugonjwa, au dini. "Sitaki kiumbe kiumie kwa ajili ya tumbo langu," fundi alimwambia. "Basi." Jibu hilo halikumtosha. Kazini kwake, kinachodaiwa hupimwa.

Ijumaa fundi alipiga simu. "Kesho nikija kula nina neno nawe. Usiniulize sasa."

Dada mkubwa wa mfamasia, aliposimuliwa, alicheka mpaka akakohoa. "Posa hiyo. Lakini mdogo wangu, utaolewa na mbuzi? Ile mikogo tu. Mtilie kitu kidogo uone kama atajua."

Jumamosi jioni mfamasia alivaa gauni la kijani lililomshika kiunoni, akafunga aproni juu yake, akaanza kupika tambi za Kiitaliano. Alisoma pakiti: ngano na maji, hakuna yai. Alikaanga vitunguu saumu kwa mafuta ya zeituni, moto mdogo, vikanukia bila kuungua. Akamimina nyanya zilizomenywa, zikachemka hadi zikawa nzito. Tambi alizichuja zikiwa bado na ugumu kidogo katikati, akabakiza kikombe kimoja cha maji yake ya kulainishia rojo, akachanganya, akanyunyiza majani ya mrehani. Chakula kilikuwa kimekamilika. Ndipo akafungua friji, akachota siagi ya maziwa kijiko kimoja cha chai, gramu tano, akakoroga mpaka ikapotea.

Fundi alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi, mikono imesuguliwa hadi grisi ikabaki kwenye mistari ya viganja tu. Alikula, akaongezewa, akala tena.

"Leo umejishinda, Dozi. Umetia nini humu?"

"Mapenzi."

"Basi yasiishe."

Mfamasia alingoja sahani iwe nyeupe. "Kuna siagi."

Fundi alicheka, akingoja naye acheke.

"Kijiko kimoja. Na hukujua. Umeona, mpenzi? Ni mambo ya kichwani tu."

Mfamasia alitarajia anune kidogo, abembelezwe, yaishe. Fundi aliweka uma chini.

"Ile supu ya dengu ya wiki jana?"

"Dengu, kitunguu, maji, chumvi."

"Na ule wali ulionipikia nilipougua?"

"Mafuta ya alizeti. Ni leo tu, naapa."

"Nitajuaje?"

Mfamasia alitazama jikoni. Sufuria za siku hizo zilishaoshwa. Jaribio lake lilikuwa limethibitisha jambo moja, nalo bila shaka yoyote: ulimi wa mtu huyu haukuweza kumlinda. Miezi yote hiyo kilichomlinda ni neno la mpishi.

"Ulikuwa na neno nami," alisema.

"Nilitaka kukuuliza kama utakubali nikuoe."

"Niulize."

"Nimekuuliza la dengu. Hili lilikuwa linasimama juu ya lile."

Hakupandisha sauti. Aliosha sahani yake, akaikausha, akaipanga na nyingine. "Kilikuwa kitamu," alisema mlangoni. "Hilo sitalikana." Akaufunga mlango polepole, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Hazikupita dakika kumi, dada wa mfamasia akapiga simu.

"Haya, alijua?"

"Hakujua."

"Si nilikwambia. Na hilo neno lake? Anataka kukuoa?"

"Alitaka."

"Anataka au alitaka? Sema vizuri."

"Nimesema vizuri, dada."