Maneno Yalikuwa ya Mume Wangu, Kifungo Kikawa Changu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, mkazi wa Lizaboni hapa Songea. Nina watoto wawili. Kuhusu mume... sijui niseme ninaye au sina. Ndoa yetu ilifungwa kanisani na haijavunjwa na mtu, lakini yeye halali tena chini ya paa langu, wala sitaki alale. Nisomeni mpaka mwisho, kisha mnihukumu mtakavyo.

Mume wangu nitamwita Gotfridi, ingawa si jina lake. Alikuwa dereva serikalini. Alimwendesha mkubwa mmoja wa pale kwetu ambaye hata cheo chake sitakitaja. Inatosha mjue kwamba Landrova yake ikipita, watu waliokaa vibarazani walisimama.

Mimi nilikuwa mkulima. Tulikuwa na shamba la mahindi kule Mshangano, nikienda kila asubuhi na jembe langu na kurudi mchana kupika. Hatukuwa matajiri, lakini tulipendana. Jioni Gotfridi akirudi alikaa jikoni karibu nami, akanisimulia mambo ya safari zake huku namenya viazi. Majirani walinicheka, wakasema mume wangu anakaa jikoni kama mwanamke. Mimi nilijisikia malkia!

Halafu tukampoteza mtoto wetu wa tatu. Alizaliwa hai, akaishi muda mfupi tu, akaenda zake. Nililia mpaka sauti ikakauka. Gotfridi ndiye aliyenishika mkono siku zile. Alinifulia nguo, akanichotea maji, akanilazimisha kula uji. Kumbukeni hilo, ndugu zangu, maana baadaye ndilo lililoniua kuliko yote.

Zilikuwa zama za ruksa. Maduka yalijaa bidhaa, magazeti ya watu binafsi yalianza kufika Songea hata kama yalichelewa, na vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa. Kila mkutano tuliambiwa, "Semeni wananchi, sasa hakuna kuogopana." Mimi niliamini. Kwa nini nisiamini? Waliosema walikuwa viongozi wenyewe!

Mwaka huo mvua zilikuja vizuri, lakini mbolea haikuonekana. Tulikuwa tumeahidiwa mbolea ya bei nafuu kwa ajili ya wakulima wadogo. Tukasubiri... tukasubiri... Mahindi yakawa ya manjano, tunayatazama tu. Ukienda kuuliza unaambiwa bado iko njiani.

Jioni moja Gotfridi aliingia jikoni, hakukaa. Alisimama mlangoni akaniambia, "Mama Bena, mbolea yenu haiko njiani. Mimi mwenyewe nimeibeba."

Nikadhani anatania. Akanieleza kwamba mkubwa wake alimwamuru kubeba mifuko ile kwa gari la serikali na kuipeleka kwenye duka la shemeji yake, upande wa Tunduru. Tena hakwenda safari moja tu. Kule inauzwa kwa bei ya kuruka!

Nikamwambia akaripoti. Akatikisa kichwa.

"Mimi mtumishi, nikifungua mdomo nimekwisha. Lakini wewe ni mkulima, una haki ya kuuliza. Wewe huogopi watu. Wiki hii anakuja kufanya mkutano Mshangano. Simama useme. Wakikubana, mimi nipo nyuma yako."

Yalikuwa maneno yake hayo, neno kwa neno. *Mimi nipo nyuma yako.*

Siku ya mkutano watu walijaa. Mkubwa alihutubia juu ya amani na maendeleo, kisha akauliza kama kuna mwenye swali. Watu wakatazama chini. Nikasimama. Moyo ulikuwa unadunda kama ngoma ya lizombe!

Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia vizuri tu. Nikasema, "Mzee, sisi mahindi yetu yanakufa. Mbolea yetu tumesikia inauzwa dukani kwa shemeji yako, na ilikwenda kwa gari lako hilohilo. Tunaomba utuambie, ni kweli au si kweli?"

Watu wakalipuka! Wanawake wakapiga vigelegele, wanaume wakapiga makofi, jirani yangu Mama Kandida akapaza sauti, "Ajibu! Ajibu!"

Mkubwa alingoja kelele zipoe. Hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Nani amekuambia?"

Macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye Landrova. Gotfridi alikuwa amesimama pale na kitambaa mkononi. Alipoona namtazama, akageuka, akaanza kufuta kioo cha gari... Kioo kilichokuwa safi!

Nikajibu, "Wananchi wanajua, mzee."

Akawageukia askari. "Mchukueni huyu mama, akajieleze vizuri. Anachochea wananchi dhidi ya serikali yao."

Makofi yalikatika palepale. Nilimtafuta Mama Kandida kwa macho, nikaona mgongo wake tu akipita katikati ya watu kuelekea kwao. Askari walinishika mikono wakanipakia. Katika gari gani? Katika Landrova ileile! Na aliyeniendesha mpaka kituoni ni mume wangu wa ndoa!

Njia nzima hakusema neno. Nilitazama kisogo chake, shingo niliyokuwa nikiinyoa mwenyewe kwa wembe kila Jumamosi. Nikajifariji kwamba anaigiza ili asishtukiwe, aweze kunisaidia. Ndugu zangu, mapenzi yanapofusha!

Kituoni walitaka jina moja tu. "Nani aliyekuambia?" Walinibembeleza, walinitisha, walinilaza kwenye sakafu baridi bila shuka. Nikasema sijui, nimesikia tu kwa watu. Wifi yangu aliniletea chakula, akaninong'oneza ujumbe kutoka kwa kaka yake: "Anasema vumilia, usimtaje. Anashughulikia utoke."

Nikavumilia. Niliona fahari kabisa! Nilijiambia, ninamlinda baba wa watoto wangu. Afisa mmoja aliniambia, "Mama, taja huyo mtu uende nyumbani ukalee wanao." Nikamwangalia tu. Neno moja lingenitoa. Sikulisema.

Nikapelekwa mahakamani kwa shitaka la uchochezi na kumkashifu kiongozi. Mama yangu mzazi alitoka Namtumbo kuja kunitazama, amekaa benchi la nyuma na rozari yake. Nilipoulizwa nilisema sikuchochea, niliuliza swali. Mwendesha mashtaka akasema ana shahidi.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Gotfridi.

Kwa sekunde chache nilifurahi! Ndiyo, nilifurahi kama mjinga. Nikadhani amekuja kusema ukweli. Alikuwa amevaa shati jeupe nililompigia pasi mimi kabla ya mkutano ule.

Hakimu alimtazama akamwambia, "Huyu ni mkeo. Sheria haikulazimishi kutoa ushahidi dhidi yake. Umelazimishwa na mtu yeyote?"

"Hapana, mheshimiwa. Ni kwa hiari yangu."

Kwa hiari yake!

Akaapa kwa Biblia. Akasema yeye ndiye dereva wa gari lile na hajawahi kubeba mbolea hata mfuko mmoja. Akasema mimi ni mtu wa maneno maneno, hata nyumbani namsumbua. Nilikuwa bado nimesimama imara mpaka hapo. Kisha akashusha sauti, akasema kwa huruma, kama mtu anayenitetea, "Mheshimiwa, tangu tulipompoteza mtoto wetu mchanga, akili ya mke wangu haijatulia. Anaona mambo ambayo hayapo."

Mtoto wangu! Alimchukua mtoto wetu aliyelala kaburini akamtumia kama ushahidi! Mikono ile ile iliyonilisha uji...

Nilipiga kelele, "Gotfridi! Si wewe uliyeniambia?" Hakimu akaniamuru ninyamaze. Nikarudia, ni yeye, ni yeye aliyebeba! Watu wakacheka. Nani angeniamini sasa? Kituoni nilikuwa nimesema sijui. Jina nililolificha kwa mapenzi, siku nilipolitaja likaonekana uongo wa kichaa.

Nilifungwa miezi sita.

Sitawachosha na habari za gerezani. Tulilima, tulibeba kuni, baridi ya Juni ilitupasua midomo. Kilichonitesa zaidi si jembe, maana jembe nimelizoea. Kila usiku niliyapitia maneno yake upya nikitafuta mahali alipoanza kunidanganya. Je, alinituma kwa nia njema akaogopa baadaye? Au alinitega tangu jikoni? Mama yangu alikuja kuniona akaniambia kwa Kingoni nisilitaje tena jina la yule mtu mbele yake. Ndiye aliyewachukua wanangu. Baba yao alikuwa amepandishwa cheo, akawa msimamizi wa madereva, na hakuwa na nafasi ya watoto.

Nilipotoka nilikwenda moja kwa moja Namtumbo. Bena, binti yangu mkubwa, hakunikimbilia. Alisimama mbali, ananikagua. Mwishowe akauliza, "Mama, eti ni kweli wewe una wazimu? Shuleni wanasema baba ndiye aliyesema."

Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia. Kisha nikamvuta, nikamweleza yote, kama ninavyowaeleza ninyi. Alisikiliza, akafuta machozi yangu kwa kanga yangu mwenyewe. Tangu siku ile hajaniuliza tena.

Nilirudi Songea nikaanza upya. Gotfridi alikuwa amehamia nyumba ya kazini, mimi nikabaki na nyumba yetu ya zamani na shamba. Nikaanza kuuza mboga sokoni, lakini mwanzoni wateja walikuwa wachache. Mama Kandida akiniona alivuka barabara. Siku moja nilimvizia sokoni nikamwamkia kwa nguvu, akaanza kulia, akasema, "Dada, niliogopa. Nina watoto." Nikamwambia, "Hata mimi nina watoto." Hatukusema zaidi, lakini hanikimbii tena.

Miaka ikapita. Mkubwa yule akahamishwa. Aliyekuja hakumtaka msimamizi wa madereva wa zamani, Gotfridi akapunguzwa kazini. Mchana mmoja nikiwa napukuchua mahindi uani, nikasikia hodi. Alikuwa yeye. Amekonda, mvi zimemjaa.

Akapiga magoti palepale kwenye mahindi. "Mama Bena, nisamehe. Waliniambia nichague, wewe au kazi. Wakasema nisipokuja mahakamani tutafungwa wote wawili, na watoto watabaki na nani?"

Nikamuuliza, "Na marehemu? Walikulazimisha kumtaja marehemu?"

Akainamisha kichwa. "Hapana. Hilo nililisema mwenyewe. Niliona watakuhurumia, adhabu itapungua."

Nilimsamehe, wasomaji, mbele ya Mungu nilimsamehe. Sikutaka kufa na uchungu ule. Lakini nilimwambia, "Jumapili baada ya misa watu watakuwa wamekaa nje ya kanisa. Nenda ukasimame mbele yao. Useme kwamba mke wako hana wazimu, na kwamba mbolea uliibeba wewe. Ukimaliza, njoo tule chakula."

Akashtuka kama nimemmwagia maji ya moto. "Mbele ya watu wote? Si tuyamalize hapa hapa nyumbani, mke wangu?"

"Mbele ya watu ndipo uliponivunja."

Akasimama, akajipangusa magoti. Akasema atafikiria. Jumapili ilifika, nikamtafuta kwenye umati na Bena pembeni yangu. Hakuja. Hajaja mpaka leo, na ninasikia anaishi kwa dada yake.

Wapo watakaosema mkasa wangu unafundisha kunyamaza. Hapana! Nilichouliza kilikuwa kweli, na ningekuwa na mtoto mwenye njaa kesho ningeuliza tena. Kosa halikuwa kusema. Msikubali tu, kina mama wenzangu, mtu akutume ukaseme maneno yake huku yeye amejificha nyuma ya gari. Mwambie asimame nawe. Akikataa, mjue mapema, kabla hujafungua mdomo, hata kama ni mume anayekaa nawe jikoni.

Na ninyi mnaopiga vigelegele mwenzenu anaposimama, nawaomba... askari wakija, msitupe migongo. Hata mngebaki mmesimama tu, kimya, bila kusema neno, siku ile nisingepanda Landrova ile nikiwa peke yangu.